Rafiki kando ya usukani: Jinsi vijana wa Jinja na Mbale wanavyojifunza udereva

Mashariki mwa Uganda, vijana wengi hushika usukani kwa mara ya kwanza kabla hawajaingia katika shule yoyote ya udereva. Hufundishwa na rafiki aliyewazidi umri: jirani mwenye gari, binamu anayeendesha teksi, au mwenzao aliyewatangulia shuleni na sasa ana kazi. Somo hutolewa jioni au Jumapili asubuhi, bila ada, na mara nyingi bila karatasi yoyote.

Desturi hii imezalisha madereva hodari. Hata hivyo, humweka kijana na mwalimu wake mahali pagumu mbele ya sheria, na huwapa baadhi ya wanafunzi ujuzi wa mikono bila ujuzi wa barabara. Makala hii inaeleza namna mafunzo hayo yanavyofanyika kati ya Jinja na Mbale, sheria ya Uganda inavyosema, na mipaka ya kile ambacho rafiki anaweza kufundisha.

Msimu wa likizo ndefu

Nchini Uganda, mitihani ya kitaifa ya kidato cha nne na cha sita hufanyika katika miezi ya mwisho wa mwaka. Anayemaliza kidato cha nne husubiri matokeo yake hadi mwaka mpya, na anayemaliza cha sita huweza kukaa nyumbani miezi kadhaa kabla ya kuingia chuo kikuu. Katika kipindi hicho vijana hutafuta vibarua, hujifunza kompyuta, na wengi hutamani kujifunza kuendesha gari.

Tofauti ya umri kati ya makundi hayo mawili ina uzito. Aliyemaliza kidato cha sita kwa kawaida amefikisha miaka 18 au zaidi, ilhali wa kidato cha nne mara nyingi ana miaka 16 au 17. Machoni pa rafiki anayewafundisha, wote wawili ni vijana walio tayari kujifunza. Machoni pa sheria, mmoja anaweza kuanza safari ya kupata leseni na mwingine hana budi kusubiri.

Kujifunza kwa kumfuata mkubwa ni jambo la zamani katika Afrika Mashariki. Kwa miongo mingi, madereva wa malori na mabasi walianza kama utingo, ambaye Uganda huitwa taniboi. Kijana huyo alipakia mizigo, aliweka jiwe nyuma ya gurudumu lori liliposimama mlimani, alibadilisha matairi, na kwa miezi au miaka alitazama mikono na miguu ya dereva wake. Siku moja aliachiwa lori alisogeze ndani ya yadi. Baadaye alipewa kipande kifupi cha barabara tupu. Rafiki anayemfundisha mwenzake leo katika gari dogo anaendeleza mtindo uleule, ila kwa muda mfupi zaidi. Taniboi alitazama sana kabla ya kugusa usukani, na mwanafunzi wa siku hizi hugusa usukani siku ya kwanza.

Jinja: barabara pana na lori refu

Jinja inafaa kwa anayeanza. Mji huo, uliopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020 pamoja na Mbale na miji mingine kadhaa, ulipangwa kwa mitaa iliyonyooka inayokatana kama miraba. Sehemu zake za kale, karibu na Ziwa Victoria na mahali Nile inapoanzia, zina barabara pana zenye miti na magari machache siku za Jumapili. Hapo mwanafunzi huweza kuzoea usukani, kupinda kushoto na kulia, na kurudi nyuma akitazama vioo.

Somo la kwanza huwa na mambo machache. Rafiki humwonyesha mwenzake kurekebisha kiti na vioo, kufunga mkanda na kutambua makanyagio. Kama gari ni la gia za mkono, kazi kubwa ni klachi: kuiachia taratibu hadi gari lianze kutetemeka kidogo, kisha kuongeza mafuta kwa kiasi. Mwanafunzi akiiachia ghafla, gari huruka na kuzima. Magari mengi madogo ya Uganda huletwa yakiwa yametumika kutoka Japani, na mengi ni ya otomatiki, hivyo vijana wengi hawapitii tena hatua ya klachi. Urahisi huo una hasara yake. Gari la otomatiki husogea mara mguu unapotoka kwenye breki, na anayeanza anaweza kukanyaga mafuta akidhani amekanyaga breki.

Ugumu wa Jinja huanza kijana anapotoka mitaani na kuingia barabara kuu. Jiji hilo lipo kwenye njia inayounganisha bandari ya Mombasa na Kampala, Rwanda na mashariki mwa Kongo. Malori ya makontena na ya mafuta yanayovuka mipaka ya Malaba na Busia hupita hapo mchana na usiku. Tangu mwaka 1954, magari yalivuka Nile juu ya bwawa la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale. Tarehe 17 Oktoba 2018 lilifunguliwa daraja jipya lenye urefu wa mita 525, lililojengwa kwa mkopo kutoka Japani. Mashariki ya jiji, kuelekea Iganga, yapo mashamba ya miwa ya Kakira. Trekta zenye matela hukokota miwa kwa mwendo wa pole, na dereva asiye na subira hushawishika kuzipita mahali asipoona mbele.

Barabara ya Tirinyi: lugha isiyoandikwa

Kutoka Jinja hadi Mbale ni takriban kilomita 150 kwa njia ya Iganga, Namutumba na Tirinyi. Kwa mwanafunzi aliyekwisha kuzoea mitaa, safari hiyo huwa mtihani wa kwanza halisi. Barabara inapita katika nchi tambarare yenye mabonde ya maji na mashamba ya mpunga, na unyofu wake humvuta dereva aongeze kasi. Kando yake wamo waenda kwa miguu, watoto wa shule, ng'ombe, baiskeli zilizobeba mizigo na pikipiki za bodaboda. Inafaa kukumbuka kwamba bodaboda yenyewe ni zao la mashariki mwa Uganda: ilianza kwa baiskeli zilizobeba abiria mpakani upande wa Busia, na jina lake latokana na neno la Kiingereza la mpaka.

Katika barabara hii rafiki mkubwa huwa na thamani ambayo kitabu hakina. Yeye ndiye anayemweleza mwenzake kwamba matawi mabichi yaliyotupwa juu ya lami yana maana: mbele kuna lori lililoharibika, punguza mwendo. Yeye ndiye anayejua mahali wakulima wanapoanika mpunga au mahindi ukingoni mwa lami, na saa ambazo shule hutoa watoto.

Lakini hapo hapo hufichama hatari. Madereva wa malori wana desturi ya kumjulisha aliye nyuma kwa taa ya kuashiria. Taa ya kulia ikiwaka, maana yake usinipite, kuna gari linakuja. Taa ya kushoto ikiwaka, maana yake njia ni nyeupe, pita. Kijana hufundishwa lugha hii na kuiamini. Kwa mujibu wa kanuni za barabarani, hata hivyo, taa ya kushoto inaonyesha kwamba gari linataka kupinda au kusimama kushoto, wala si ruhusa kwa mtu mwingine. Dereva wa lori huenda ametaka kusimama tu. Huenda pia amekosea umbali wa gari linalokuja. Anayepita kwa kutegemea macho ya mtu mwingine atabeba mwenyewe matokeo ya kosa la mtu huyo.

Hesabu ya kasi nayo haifundishwi mara nyingi katika gari la rafiki. Dereva anayekwenda kilomita 50 kwa saa husafiri karibu mita 14 katika sekunde moja anayohitaji ili kuona hatari na kuanza kukanyaga breki. Kwa kilomita 80 kwa saa, umbali huo huwa karibu mita 22. Zaidi ya hapo, kasi ikiongezeka maradufu, umbali wa breki zenyewe huongezeka takriban mara nne. Kwa anayejua hesabu hiyo, mtoto aliyesimama ukingoni mita 20 mbele ni sababu ya kupunguza mwendo kabla hajaingia barabarani.

Mbale: mlima, mvua na ngoma

Mbale inamtaka mwanafunzi ujuzi mwingine. Jiji limekaa chini ya mlima Elgon, ambao wenyeji huuita Masaba, na ukingo wa Wanale unaonekana juu yake kama ukuta. Katikati ya jiji, karibu na mnara wa saa, tatizo ni msongamano na bodaboda. Nje ya jiji, kuelekea Wanale au kupitia Sironko hadi Kapchorwa, tatizo ni mwinuko.

Kuondoa gari la gia za mkono mlimani ni somo ambalo halijifunzi mtu kwenye tambarare za Jinja. Mwanafunzi huvuta breki ya mkono, huiachia klachi hadi gari lianze kuvuta, huongeza mafuta kidogo, kisha hushusha breki ya mkono. Akikosea mpangilio, gari hurudi nyuma, na nyuma yake huenda ipo pikipiki. Kuteremka kuna kanuni yake pia: dereva hushusha gia kabla ya kuanza mteremko ili injini isaidie kuzuia gari. Anayetegemea breki peke yake katika mteremko mrefu huzipasha moto hadi zikapoteza nguvu. Baadhi ya madereva huweka gia huru ili kuokoa mafuta. Mazoea hayo huondoa msaada wa injini mahali unapohitajika zaidi, na kijana huyaiga kwa sababu ameyaona kwa mtu anayemheshimu.

Mvua ni mwalimu mkali wa Mbale. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, baada ya mvua kubwa, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika na zaidi ya watu 20 walipoteza maisha mjini humo na katika maeneo jirani. Maji yanayokwenda kasi, hata yasiyofika magotini, yana nguvu ya kusukuma gari dogo. Kanuni inayopaswa kufundishwa ni moja: daraja au bonde likifunikwa na maji yanayotiririka, gari halivuki. Dereva husubiri au hurudi alikotoka.

Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, barabara za Mbale na wilaya za jirani hujaa kwa sababu nyingine. Huo ndio mwaka wa imbalu, jando la Wamasaba, ambalo huzinduliwa mwezi wa Agosti katika uwanja wa Mutoto nje ya Mbale. Makundi ya vijana na wasindikizaji wao huzunguka kwa ndugu wakicheza ngoma ya kadodi, na mara nyingi hushika barabara nzima. Mgeni hupiga honi. Mwenyeji husimamisha gari pembeni na kungoja. Hilo nalo ni fundisho la rafiki ambalo hakuna mtihani unaoliuliza.

Sheria inasemaje

Udereva nchini Uganda unasimamiwa na Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ya mwaka 1998, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2020. Mtu aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kupewa leseni ya gari dogo. Anayejifunza anatakiwa awe na leseni ya mwanafunzi, gari liwe na alama ya herufi L mbele na nyuma, na kando yake aketi mtu mwenye leseni halali ya aina hiyo ya gari. Baada ya mafunzo, mwanafunzi hupimwa na mkaguzi wa magari wa Polisi ya Uganda. Uchapishaji wa leseni, ambao hapo awali ulifanywa na kampuni ya Afrika Kusini, ulihamishiwa kwa Kampuni ya Uchapishaji wa Usalama ya Uganda mwaka 2021.

Kwa hiyo sheria haimkatai rafiki. Inamkubali kwa masharti: awe na leseni, akae kando ya usukani, mwanafunzi awe na umri na karatasi zake, na gari lionyeshe wazi kwamba linaendeshwa na mwanafunzi. Tatizo la mafunzo mengi ya kirafiki ni kwamba masharti haya hupuuzwa yote kwa pamoja. Alama ya L huonekana kuwa aibu. Leseni ya mwanafunzi huonekana kuwa gharama ya baadaye. Umri wa miaka 16 huonekana kuwa karibu ya kutosha.

Mambo yakienda vizuri, hakuna anayeuliza. Ajali ikitokea, maswali huwa mengi na hayamhusu kijana peke yake. Mwenye gari huulizwa kwa nini alimpa usukani mtu asiye na leseni. Uganda inalazimisha kila gari kuwa na bima ya watu wengine, lakini bima kubwa inayofidia gari lenyewe kwa kawaida huweka sharti kwamba dereva awe na leseni. Hivyo wema wa jioni moja waweza kugeuka kuwa kesi ya polisi, deni la kutengeneza magari mawili, na uhasama kati ya familia zilizokuwa zikisalimiana.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika takwimu za polisi. Mwaka 2022 watu 4,534 walikufa katika ajali za barabarani nchini Uganda. Mwaka 2023 idadi ilifika 4,806, na mwaka 2024 ilipanda hadi 5,144. Duniani, Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo milioni 1.19 kwa mwaka, na linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29.

Nchi nyingine zilivyompa rafiki wajibu

Wazo la mkubwa anayeketi kando ya kijana limeingizwa ndani ya sheria za nchi kadhaa. Ujerumani, iliyoanza majaribio mwaka 2004 katika jimbo la Niedersachsen na kueneza mpango huo nchi nzima mwaka 2011, humruhusu kijana wa miaka 17 aliyefaulu mtihani kuendesha gari akiwa na msindikizaji. Msindikizaji huyo lazima awe na miaka 30 au zaidi, awe na leseni kwa miaka 5 mfululizo, na asiwe na rekodi mbaya ya makosa. Jina lake huandikwa kwenye cheti cha kijana.

Nchini Ufaransa, kijana huweza kuanza akiwa na miaka 15. Hupitia kwanza mafunzo ya shule ya udereva, kisha huendesha angalau kilomita 3,000 kwa muda usiopungua mwaka mmoja akiwa na mtu mwenye leseni ya miaka 5. Uingereza humtaka anayesindikiza mwanafunzi awe na miaka 21 na leseni ya miaka 3. New Zealand ilianzisha mwaka 1987 utaratibu wa leseni kwa hatua, ambapo dereva mpya hufunguliwa ruhusa kidogo kidogo.

Sheria hizi zina fikra moja. Kinachomjenga dereva ni muda mrefu barabarani akiwa na mtu mtulivu kando yake. Zinatofautisha pia rafiki na rafiki. Utafiti uliofanywa katika nchi mbalimbali umeonyesha kwamba hatari kwa dereva kijana huongezeka anapobeba vijana wa rika lake, na hupungua anapokuwa na mtu mzima. Kwa maneno mengine, rafiki wa miaka 19 anayemfundisha wa miaka 16, huku wenzao watatu wakicheka kiti cha nyuma, hatoi ulinzi ambao sheria hizo zinaukusudia.

Kazi ya rafiki na kazi ya shule

Kwa kijana wa Jinja au Mbale, rafiki na shule ya udereva hawapingani. Kila mmoja ana kazi yake. Shule humpa mwanafunzi mpangilio: alama za barabarani, nani mwenye haki ya kutangulia kwenye mzunguko, umbali wa breki, na gari ambalo mara nyingi lina breki ya pili upande wa mwalimu. Rafiki hana breki hiyo. Akiona hatari ana sauti yake tu na, kama gari linaruhusu, breki ya mkono. Ndiyo maana saa za kwanza kabisa ni salama zaidi kwa mwalimu aliyesajiliwa.

Rafiki naye humpa mwanafunzi kile ambacho saa chache za kulipia haziwezi: mazoezi mengi, barabara za aina tofauti, mvua na jua, mji na mlima. Ili kazi hiyo isimdhuru yeyote, inatosha kufuata mambo machache. Mwanafunzi awe ametimiza umri na awe na leseni ya kujifunzia. Alama za L zibandikwe. Mwenye gari athibitishe na kampuni ya bima kwamba mwanafunzi ameruhusiwa. Masomo yaanze mchana, mahali patupu, bila abiria. Barabara kuu ya malori na miteremko ya Elgon ije mwisho, baada ya mitaa. Na rafiki asiwe amekunywa pombe, kwa kuwa ndiye mwenye dhamana ndani ya gari hilo.

La mwisho huwa gumu zaidi kuliko yote. Aliyemfundisha mwenzake kwa wema huona haya kumwambia bado hajaiva, na kijana huona haya kukiri kwamba anaogopa. Katika barabara ambayo kosa halisubiri maelezo, rafiki anayesema "bado, turudie kesho" na kumwomba mwenzake funguo za gari amefanya kazi ya mwalimu ipasavyo.